Wanawake wa vijijini na kusoma: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yametoka kwa walimu, viongozi wa vikundi vya akina mama, na mabinti waliorudi kijijini na begi la vitabu wasijue waanzie wapi. Yanaanza na ya msingi, yanaishia na yale yanayoulizwa kwa kunong'ona.

## Kabla ya kuanza

1. "Kusoma" mnakosema hapa ni kujua herufi au ni kusoma vitabu?

Ni mambo mawili yanayochanganywa kila siku. Kisomo ni kujua kusoma, kuandika na kuhesabu. Usomaji ni kushika maandishi na kuyasoma kwa sababu unayataka. Katikati ya hayo mawili kuna kundi kubwa linalosahaulika: mama aliyemaliza shule ya msingi miaka ishirini iliyopita, akaolewa, akalima, akalea, na tangu hapo hajashika maandishi marefu kuliko ujumbe wa simu. Kwenye takwimu anahesabiwa kuwa anajua kusoma. Mpe ukurasa mzima uone anavyotoka jasho. Kusoma huota kutu kama jembe lililosahauliwa darini.

Ukurasa huu unamhusu zaidi huyo. Kwa wasiojua herufi kabisa, tazama swali la 8 na la 9.

2. Si kweli kwamba wanawake wa kijijini hawapendi kusoma?

Si kweli. Neno hili nimelisikia zaidi kwa watu ambao hawajawahi kuwapa kitabu kinachowafaa, penye mwanga, saa ambayo mikono yao ni mitupu. Kinachokosekana ni muda, mwanga, miwani na maandishi yanayowahusu.

Kuna pia deni la zamani. UNESCO imekuwa ikieleza kwa miongo mingi kwamba karibu theluthi mbili ya watu wazima wasiojua kusoma duniani ni wanawake. Fedha ya shule ilipopungua, aliyebaki nyumbani alikuwa binti. Binti yule ndiye bibi wa leo anayeambiwa hapendi vitabu.

3. Kikundi cha kusoma kiwe na watu wangapi?

Watano hadi kumi na wawili. Wakipungua hapo, mmoja akiuguliwa na mtoto kikao kimevunjika. Wakizidi, wale wakimya hawafikiwi na zamu.

4. Tukutane saa ngapi?

Swali hili ndilo linaloua vikundi vingi, kwa sababu hujibiwa kwa saa inayomfaa mwezeshaji. Kikundi chetu cha kwanza tulikipangia saa kumi alasiri, jua likiwa limepoa. Wiki tatu mfululizo walikuja wawili, na mmoja alikuwa amekuja kuazima ndoo. Saa kumi ndiyo saa ya maji, kuni na kuwasha moto. Hakuna aliyetuambia hivyo. Kwa adabu walisema tu "tutajitahidi, mwalimu".

Tukaacha kupanga, tukauliza: jana, tangu ulipoamka mpaka ulipolala, ulifanya nini? Hakukuwa na saa tupu hata moja, ila zilikuwapo saa za kusubiri. Foleni ya kliniki. Zamu ya mashine ya kusaga. Na zaidi ya zote, kikao cha kikundi cha kuweka na kukopa, ambacho kila wiki kilichelewa kuanza kwa nusu saa kwa ajili ya waliochelewa. Nusu saa hiyo ikawa yetu. Kisha likatokea tusilolitarajia: watu wakaanza kuwahi, maana hadithi ilikuwa ikiendelea bila wao.

Kwa hiyo usimwongezee mwanamke mkutano mwingine katika wiki yake. Tafuta mkutano uliopo, uombe kipande chake.

## Cha kusoma

5. Tuanze na maandishi gani?

Yale yaliyomo nyumbani mwake tayari: kadi ya kliniki ya mtoto, karatasi ya maelezo ya dawa, mfuko wa mbegu, ujumbe wa muamala wa simu, daftari la kikundi. Ni maandishi anayoyashika kila wiki akimtegemea mtu mwingine amwambie yanasema nini.

Daftari ndilo lenye nguvu kuliko yote. Mama mmoja alikuwa ameweka akiba kwa miaka minne. Kusoma alijua kidogo, ila kwa mazoea alitia dole gumba. Siku tuliyosoma daftari kwa sauti, kila mtu mstari wake, alishuka na kidole mpaka kwenye jina lake, akapita nacho safu za wiki moja moja, akasimama. Akarudi nyuma. "Wiki ya ile mvua kubwa mimi nilileta." Mwandishi wa kikundi akaangalia: kweli, hisa mbili zilikuwa zimeandikwa kwenye mstari wa jirani yake. Hapakuwa na wizi, kalamu iliteleza tu. Kikao kilichofuata hakuna aliyekubali kusomewa mstari wake.

Vitabu vije baada ya hapo, na visipokuwapo mtengeneze vyenu. Huko Kentucky, Marekani, kati ya 1935 na 1943, wanawake waliajiriwa kupeleka vitabu milimani kwa farasi na nyumbu. Vitabu vilikuwa haba, wakawa wanabandika kurasa za magazeti makuukuu kwenye madaftari pamoja na maelekezo ya mapishi na vielelezo vya ushonaji ambavyo wanawake wa milimani walipeana wenyewe. Madaftari hayo yaligombewa. Daftari la namna hiyo linaweza kutengenezwa popote penye gundi, mkasi na watu wenye la kusema.

6. Hadithi za mapenzi zinafaa?

Zinafaa sana. Anayesoma sura tatu za fitina za mapenzi kwa wiki atasoma kipeperushi cha kilimo bila kusukumwa. Kinyume chake sijakiona. Baadhi ya wafadhili hupenda kila kitabu kiwe na somo la afya au ujasiriamali; wasikilize, washukuru, kisha weka na riwaya mbili tatu ndani ya sanduku.

7. Kumpa mtu mzima vitabu vya watoto si kumdharau?

Inategemea unavyompa. Ukimwambia "hiki ni cha kiwango chako", umemvunjia heshima. Ukimwambia "msomee mjukuu, wiki ijayo utuambie alicheka wapi", umempa kazi ya mtu mzima. Sentensi fupi na picha humsaidia bila mtu kulitaja hilo. Kwa hadithi fupi katika lugha za Kiafrika, Kiswahili kikiwamo, mradi wa African Storybook ulioanzishwa 2014 una mamia ya hadithi zinazoruhusiwa kuchapwa, kunakiliwa na kutafsiriwa bila malipo.

Lugha nayo ni hivyo hivyo: anza na ile anayoitumia akikasirika. Lugha ya shuleni na ya ofisini itafuata.

## Wasiojua, waliosahau na wasioona vizuri

8. Asiyejua kusoma anaweza kuwa mwanachama?

Ndiyo, na asiwekwe pembeni. Kusomewa na kujadili ni sehemu ya kusoma. Tanzania ilifanya hivyo kwa upana mkubwa mwaka 1973 katika kampeni ya redio ya Mtu ni Afya: kikundi kilisikiliza kipindi pamoja, mwenye kujua kusoma akawasomea wenzake kijitabu, wakajadili, kisha wakatoka kwenda kuchimba vyoo na kufyeka majani. Walioshiriki walifika takriban milioni 2, na miongoni mwao walikuwamo wasiojua kusoma.

Tahadhari moja. Msomaji wa kikundi asiwe mtu mmoja siku zote. Akizoeleka, wenzake watajifunza kusikiliza vizuri sana na kusoma hawatajifunza.

9. Mtu mzima afundishwe vipi herufi?

Asianze kama mtoto wa chekechea. Mwaka 1963, katika mji wa Angicos kaskazini mashariki mwa Brazili, mwalimu Paulo Freire na wenzake waliwafundisha watu wazima wapatao 300 kwa muda wa saa 40 hivi, wakianza na maneno yaliyotoka katika maisha ya wanafunzi wenyewe. Neno linazungumzwa kwanza, kisha linakatwa silabi, kisha silabi zinajengwa upya.

Kiswahili kinafaa sana kwa njia hii kwa kuwa huandikwa kama kinavyotamkwa. Chukua neno *maji*. Wazungumze kwanza: nani anayateka, yako umbali gani, yakikauka nani anaamka usiku. Kisha likate: *ma* na *ji*. Andika ma, me, mi, mo, mu. Chini yake ja, je, ji, jo, ju. Waache wachague wenyewe. Nilichokiona mara nyingi ni ukimya, halafu mtu mmoja anasema polepole, "moja", kama aliyeokota kitu njiani. Mwingine anadaka "mama", "jiji", "mimi". Hakuna aliyefundishwa maneno hayo.

Saa 40 hufungua mlango tu. Bila maandishi ya kuendelea nayo, herufi zitapotea. Ndiyo maana Tanzania ya miaka ya 1970 ilikuwa na magazeti ya vijijini kwa ajili ya wasomaji wapya, kama *Elimu Haina Mwisho* lililotolewa Mwanza. Kama hamna la kuwapa baada ya darasa, rudini kwenye swali la 5 kabla ya kuwaita watu.

10. Anasoma msahafu lakini hizi herufi nyingine hazijui. Tumhesabu vipi?

Mhesabu kuwa msomaji. Anajua kwamba alama ina sauti, anajua kufuata mstari, ana subira ya ukurasa. Kiswahili chenyewe kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu karne nyingi kabla ya hizi za Kilatini. Mtu kama huyo mara nyingi huwapita wenzake ndani ya muda mfupi, ila mwanzoni atahitaji kuzoea kuanzia kushoto.

11. Wengi wanasema "mimi siwezi, kichwa kizito". Tufanyeje?

Angalia kwanza anavyoshika karatasi. Kama anaisogeza mbali mpaka mkono unanyooka, tatizo liko machoni, wala si kichwani. Kuanzia miaka 40 hivi karibu kila binadamu huanza kupoteza uwezo wa kuona vitu vya karibu. Si ugonjwa, ni umri. Dawa yake ni miwani ya kusomea isiyo na makuu, ya kati ya +1 na +3 kwa walio wengi.

Jaribio lililofanyika kwenye mashamba ya chai ya Assam, India, na kuchapishwa 2018, liliwapa miwani ya karibu wachumaji wenye umri wa miaka 40 na zaidi, wengi wao wanawake. Mavuno yao yaliongezeka kwa takriban asilimia 22 kuliko ya wenzao waliokuwa bado wakisubiri miwani. Kama miwani inamfaa mtu kuchagua majani ya chai, fikiria herufi.

Kwa maoni yangu, kikundi chenye fedha kidogo kinunue miwani sita ya vipimo tofauti kabla ya kununua vitabu sita. Ikae kwenye sanduku la kikundi, watu waijaribu kwa zamu. Anayeona ukungu, maumivu, au jicho moja tu aende kwa mtaalamu wa macho; miwani ya sanduku haimsaidii.

## Nyumbani

12. Waume watakubali?

Wengine watakubali, wengine watakaa kimya, wachache watapinga. Kinachosaidia ni kutowaficha. Kikundi kinachosomea mlango wazi, mahali panapopitwa na watu, huzua maneno machache kuliko kinachojifungia. Mwalike mume mmoja aje asome gazeti kwa sauti siku moja. Na mwanamke asitumwe nyumbani na kitabu kitakachomletea ugomvi kabla hajaamua mwenyewe kukibeba.

Usimsukume mtu abishane na mumewe kwa ajili ya kikundi chako. Wewe utaondoka jioni, yeye atabaki.

13. Mama mkwe na mkaza mwana wakae kikundi kimoja?

Wakiomba wenyewe, ndiyo. La sivyo, watenganishe. Binti hatakosea kusoma mbele ya mama mkwe, atanyamaza tu. Aibu ya namna hiyo huwapata pia akina mama mbele ya watoto wao walioko shuleni. Kwao, swali la 7 lina mbinu.

14. Kikundi kifanye jambo jingine zaidi ya kusoma?

Mara nyingi hilo jambo jingine ndilo linalokibakiza hai. Wilaya ya Pudukkottai, kusini mwa India, mwanzoni mwa miaka ya 1990 iliambatanisha kampeni ya kisomo na kuwafundisha wanawake kuendesha baiskeli. Makumi ya maelfu walijifunza. Kwa mtazamaji wa mbali baiskeli na herufi havihusiani. Lakini mwanamke anayeweza kwenda mwenyewe ofisini, sokoni na kliniki ana sababu ya kusoma kilichoandikwa kwenye mlango.

## Vifaa na fedha

15. Usiku hakuna umeme. Wasome vipi?

Taa ndogo ya sola inatosha, ila itagombaniwa na watoto wenye kazi za shule, na mama ndiye atakayeiachia. Taa ya kuazima ya kikundi, inayotoka na kitabu kwa jina lake, hupunguza hilo. Kibatari kinachoma macho na mapafu. Usijenge kikundi juu yake.

16. Simu haiwezi kuchukua nafasi ya vitabu?

Kwa sehemu. Simu ya mwanamke mara nyingi ni ya nyumba nzima, kioo kimepasuka, chaji haifiki jioni. Inafaa kwa vipande vifupi: shairi, barua, sehemu ya hadithi inayotumwa kila Jumatatu. Simu ndogo ya vitufe nayo isidharauliwe. Vikundi viwili ninavyovijua hutumiana ujumbe wa kawaida wenye kitendawili, na jibu linaletwa kikaoni. Kitendawili humfanya mtu asome ujumbe mara nne.

17. Vitabu vinapotea.

Vizuri. Kitabu kilichopotea kijijini kwa kawaida kiko kwenye nyumba ya tatu kikisomwa. Andika jina na tarehe, kumbusha, basi. Ukianza kutoza faini, wenye hofu ndio watakaoacha kuazima. Usiwe na wasiwasi pia kwamba umbali ni kikwazo kisichotatulika: tangu 1996 huduma ya maktaba ya Kenya imekuwa ikipeleka vitabu kwa ngamia kwa jamii za wafugaji huko Garissa. Mahali pengine ni punda, baiskeli, au begi la mwalimu.

18. Tunaweza kutoa fotokopi ya kitabu kizima?

Kitabu chenye hakimiliki, hapana, isipokuwa kwa ruhusa. Mkataba wa Berne, ule wa kimataifa wa hakimiliki, unataka kazi ya mwandishi ilindwe kwa angalau miaka 50 baada ya kifo chake, na nchi nyingine zimeongeza. Mwandikieni mchapishaji barua. Mara nyingine hutoa nakala zenye dosari ndogo bure. Au tumieni hadithi zenye leseni huria, kama zile za swali la 7.

19. Wanachama wanaomba posho.

Wamezoeshwa. Kila mradi uliopita hapo uliwalipa kukaa kwenye kiti. Sema hapana siku ya kwanza, kwa upole, na ueleze kwamba na wewe hulipwi (kama kweli hulipwi). Waliokuja kwa ajili ya posho wataondoka, na kikundi kitarudi kwenye ukubwa wa swali la 3.

## Mambo magumu

20. Mmoja wetu haoni kabisa.

Kusomewa kwa sauti kunamtosha kushiriki, na kumbukumbu yake huenda ikawa hazina ya kikundi. Kwa usomaji wake mwenyewe kuna nukta nundu na vitabu vya sauti. Mkataba wa Marrakesh wa 2013 unaziruhusu taasisi zinazowahudumia wasioona katika nchi wanachama kutengeneza nakala za namna hiyo bila kuomba ruhusa ya mwenye hakimiliki. Ulizeni chama cha wasioona kilicho karibu.

21. Amehudhuria miezi mingi, macho ni mazima, bado herufi hazishiki.

Huenda ana disleksia, yaani ubongo wake unahangaika kuunganisha herufi na sauti. Haihusiani na akili wala uvivu. Punguza kasi, tumia herufi kubwa zilizoachana, mwache afuate kwa kidole, rudia neno lile lile siku tofauti. Mpe pia kazi ambayo haitegemei kusoma. Mama mmoja wa namna hiyo kwetu ndiye aliyekuwa akisimulia upya sura ya wiki iliyopita kwa waliokosa, na watu walikuwa wakikosa kwa makusudi ili wamsikie.

22. Hadithi iliwagusa, mmoja akaanza kusimulia anavyopigwa. Tulifunga kitabu tukakaa kimya. Tungefanya nini?

Kukaa kimya hakukuwa kosa. Kosa lingekuwa kumpa hukumu au kumfanya asimulie zaidi ya alivyotaka. Mkumbushane kwamba linalosemwa hapo halitoki, kisha mtu mmoja anayemwamini abaki naye baadaye, amuulize anataka nini. Mwezeshaji awe anajua mapema, kabla ya kikao cha kwanza, ni nani wa kumpeleka: mhudumu wa afya, ofisa wa ustawi wa jamii, dawati la polisi linaloshughulikia mambo hayo. Uamuzi wa kwenda ni wa mwanamke mwenyewe, isipokuwa pale maisha yake au ya mtoto yanapokuwa hatarini.

23. Tutajuaje kwamba kikundi kinafanya kazi?

Wafadhili wataomba mahudhurio, wapeni. Mimi naangalia vitu vingine: pembe za kurasa zilizokunjwa, alama za vidole vyenye unga, karatasi ya dawa iliyoletwa kikaoni na mtu anayeuliza neno moja tu badala ya kuuliza yote.

24. Kikundi kimekufa. Tukifufue?

Kwanza pita nyumba kwa nyumba uulize vitabu viko wapi. Vikiwa vimefungiwa kwenye sanduku la mwenyekiti, kilichokufa kilikuwa chake. Vikiwa vimetawanyika, kimoja chini ya godoro, kingine kwa shemeji, kingine bila jalada, usiitishe mkutano wa kufufua chochote. Peleka vitabu vingine, halafu uliza upya lile swali la 4, kwa sababu huenda msimu umebadilika na saa za kusubiri zimehama.